Bunduki ya Yohana na Urafiki wa Vyuo Viwili

Siku yangu ya kwanza jeshini sikufundishwa kupiga risasi. Nilifundishwa kubeba. Koplo mmoja mzee, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, alinikabidhi bunduki tupu na kuniambia kwamba kuanzia saa ile mimi na chuma kile tutakula pamoja, tutalala pamoja na tutakwenda chooni pamoja. Nilicheka. Nikaishia kuuzunguka uwanja wa gwaride nikiwa nimeinyanyua juu ya kichwa mpaka mabega yakagoma. Uhuru ulikuwa bado mbichi, nasi vijana wa mashambani tulidhani jeshi la wananchi litakuwa na upole kuliko lile la mkoloni. Koplo alikuwa bado hajapata habari hizo.

Wanangu mnaosoma haya mnanijua kama mzee wa Kilosa anayenunua gazeti stesheni na kugombana na kila aliyelisoma. Mmeniomba niandike jinsi ukufunzi ulivyokuwa zamani, na hasa juu ya urafiki wa chuo chetu cha maafisa na chuo cha nchi rafiki iliyo jirani yetu. Nitaandika. Lakini nawaambia mapema kwamba nina hasira, na hasira hii ina umri mkubwa kuliko wengi wenu.

Nilipanda vyeo polepole, maana elimu yangu ilikuwa ya kuunga. Nilikuwa koplo, kisha sajini, na fani yangu ikawa stadi za porini, yaani namna ya kutembea bila kuonekana, kulala bila kuvamiwa na kupika bila moshi. Mkuu wangu wa kwanza katika fani hiyo, Kapteni mmoja mpole, alikuwa akiniambia kwamba mkufunzi mzuri ni yule ambaye wanafunzi wake wanamsikia hata akiwa hayupo. Nilijitahidi kuwa huyo. Ndipo chuo cha maafisa kikanichukua, nikapewa cheo cha sajinimeja na kupelekwa kwenye kambi ya mazoezi iliyokuwa porini kati ya Kisanga na Mikumi.

Chuoni tuliwaita vijana wale maafisa wanafunzi. Wakimaliza masomo hula kiapo na kutunukiwa kamisheni, ndipo wanakuwa maafisa kamili. Kabla ya hapo si maafisa na si askari wa kawaida, ni watu walioning'inia, na mtu aliyening'inia huanguka kirahisi. Mimi niliwafundisha mambo ambayo hayamo vitabuni. Tembo akikutazama, usimtazame. Ukikuta mbung'o wengi, jua nyati hayuko mbali. Na silaha yako isiwe mbali kuliko mkono unavyofika, ila kwa sharti moja tu: ukiwa na kazi ya mikono miwili, mwenzako wa lindo, yaani yule mliyepangwa pamoja kulinda, ndiye anayeishika au kuiangalia. Kanuni hiyo naomba muikumbuke.

Kila kiangazi chuo cha nchi rafiki kilileta maafisa wanafunzi wake kambini kwetu, nasi tulipeleka wetu kwao. Siasa ya wakati ule ilikuwa ya undugu. Nchi nyingine kusini zilikuwa bado zinatawaliwa, na sisi tuliokwisha kujikomboa tulitakiwa tufahamiane mapema, ili siku ya kazi afisa wa huku asimwulize afisa wa kule jina lake. Lilikuwa wazo zuri. Nasema hivi nikiwa na akili timamu, lilikuwa wazo zuri sana, na ndiyo maana kilichofanyika kinanichoma.

Mkuu wa Chuo chetu alikuwa Kanali, mtu mrefu, mchangamfu, msemaji hodari. Katika karamu ya kuwapokea wageni, alisimama akasema kwamba urafiki wa salamu na bendera ni urafiki wa juujuu. Kwetu, alisema, watu wanaopendana huwa watani. Kwa hiyo kuanzia siku ile, vyuo vile viwili ni watani, na ni amri yake kwamba utani huo usiingiliwe na mtu yeyote. Mkuu wa chuo cha wageni, naye Kanali, akajibu kwamba kwao pia wana desturi hiyo kwa jina jingine, na kwamba anaipokea. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Sihitaji kuwaeleza watu wa Kilosa utani ni nini, lakini watoto wenu wa mjini wameanza kudhani ni vichekesho vya redioni. Utani ni sheria. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na usikasirike. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na hukipati mpaka umkomboe kwa kuku au kwa alichokitaja. Ukienda kumshtaki, mwenye aibu ni wewe, kwa kuwa umeuvunja utani. Na huyo huyo anayekusumbua ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Basi tukawapanga wawili wawili, mwenyeji na mgeni, lindo moja, hema moja, sahani moja. Yohana Mwegoha alipangwa na Chanda. Yohana alikuwa mtoto wa milimani juu ya Kidete, baba yake mwalimu wa shule ya misheni na msomaji wa masomo kanisani. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye adabu iliyopitiliza, wa kwanza kwa kusoma ardhi katika darasa lake. Chanda alikuwa mtoto wa mchimba madini, mwenye maneno mengi na mguu mwepesi. Kiswahili alikijua kwa wiki chache, na kitu cha kwanza alichojifunza kilikuwa matusi ya utani. Walipendana wale. Chanda alimwibia Yohana soksi, Yohana akamwibia Chanda kijiko, na siku nzima Chanda akala uji kwa kifuniko cha chupa. Mimi nilicheka nikawaacha, kwa sababu amri ya Kanali ilikuwa imetolewa hadharani.

Wiki ya mwisho ya mazoezi tulikwenda kuvuna mahindi katika shamba la ujamaa la wanakijiji, wageni na wenyeji pamoja, bunduki mgongoni. Jua lilipopanda tukaketi kula kwenye uwanja ulio pembeni ya shamba. Kanali alikuwa ameagiza kwamba wakati wa kula wenyeji ndio wanaowanawisha wageni, naye Yohana ilikuwa zamu yake. Sasa, kumnawisha mgeni kunataka mikono miwili, jagi mkono huu na beseni mkono ule. Mtu aliyelelewa hamimini maji kwa mkono mmoja huku bunduki inamgonga mgeni usoni. Yohana akaiegemeza bunduki yake kwenye gogo, pembeni ya mwenzake wa lindo, akamwambia, "Niangalizie." Mwenzake wa lindo alikuwa Chanda.

Niliona kwa macho yangu. Chanda alisubiri Yohana afike katikati ya mstari, akainuka na bunduki ile, akaifukia chini ya lundo la mabua karibu na sufuria za wapishi. Akarudi kuketi, akanikonyeza. Akawaambia wenzake kwamba mtani wake hataiona mpaka atoe jogoo. Wote wakacheka, na mimi nikiwemo.

Hapo tarumbeta ikalia. Mgeni rasmi, kiongozi mmoja wa serikali aliyetarajiwa alasiri, alikuwa amewasili mapema pamoja na wakuu wa vyuo vyote viwili. Kila mtu akaruka. Tarumbeta ikilia huna nafasi ya kufikiri, unakimbilia mstari wako. Chanda alianza kukimbilia mabua, Meja wake akamkaripia kwa lugha yao na kumsukumia kwenye mstari wa wageni. Yohana aligeuka kwenye gogo, hakuona kitu. Akasimama mstarini mikono inadondosha maji.

Kanali alipita akikagua, mgeni rasmi kulia kwake, Kanali mgeni kushoto. Walipofika kwa Yohana wakasimama.

"Bunduki yako iko wapi?" Kanali aliuliza.

Yohana alimtazama Chanda ng'ambo ya uwanja. Alikwisha kujua. Angesema neno moja tu angekuwa amepona. Lakini mtani hashtakiwi, na mgeni haaibishwi mbele ya wakubwa wa kwao. Baba yake alimfunza hivyo, na chuo kilikuwa kimemwongezea hapo hapo.

"Sijui, afande."

Kanali aliona haya mbele ya wageni, na mtu mkubwa akiona haya hutafuta mdogo wa kumbebesha. Alisema kwa sauti ya gwaride zima kusikia, "Afisa asiyejua bunduki yake ilipo hatajua askari wake walipo." Yohana akatolewa mstarini.

Kesho yake asubuhi kilikaa kikao cha uchunguzi ndani ya hema kubwa, wakuu wawili wa vyuo na Mkufunzi Mkuu wetu, Luteni Kanali aliyesomea ng'ambo. Bunduki ilikuwa imekwisha kupatikana chini ya mabua, haina hata mkwaruzo. Niliitwa nikaeleza yote kama nilivyoeleza hapa, na nikasema kwamba Yohana hakuvunja kanuni, aliifuata kanuni niliyomfundisha mimi, na kwamba aliyeichukua aliichukua kwa utani uliotangazwa na Mkuu wa Chuo mwenyewe.

Mkufunzi Mkuu aliuliza taratibu, "Sajinimeja, unataka mgeni wetu aandikwe mwizi wa silaha?"

Nikamjibu kwamba sitaki aandikwe mwizi yeyote. Nataka uandikwe utani.

Chanda hakuwa ameitwa. Aliingia mwenyewe, akasimama kama msumari, akasema, "Ni mimi niliyeichukua. Yohana hana kosa."

Kanali mgeni alimtazama kijana wake, akatabasamu, na tabasamu lile silisahau mpaka leo. Akasema kwamba ameguswa sana. Akasema kwamba afisa mwanafunzi huyu yuko tayari kubeba kosa la rafiki yake ili amwokoe, na kama kuna mtu alikuwa anauliza urafiki wa vyuo hivi umezaa nini, basi tunda ndilo hili. Kanali wetu akadaka papo hapo. Naam, akasema, tunda ndilo hili. Chanda akapiga kelele kwamba hasemi hivyo kwa urafiki, anasema kwa sababu ni kweli. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumsifu. Mwisho Meja wake akamshika mkono akamtoa nje.

Mnaona kilichotendeka? Funika kombe mwanaharamu apite. Mgeni asiwe na doa, mwenyeji asiwe na doa, utani usitajwe mbele ya serikali, na ukweli uliosemwa wazi na watu wawili ukageuzwa uongo mtakatifu. Aliyebaki ni Yohana. Akafukuzwa chuo kwa uzembe wa silaha, sherehe ya kamisheni ikiwa imepangwa wiki hiyo hiyo.

Nilikwenda ofisini kwa Kanali bila kuitwa, jambo ambalo sajinimeja halifanyi. Hakunifokea. Alinikalisha, akanipa chai, akanieleza kwamba anamhurumia kijana yule, lakini urafiki wa mataifa mawili ni mkubwa kuliko kijana mmoja.

Nikamwambia, "Afande, ni vijana wawili. Yule wa pili umemharibu zaidi."

Baada ya hapo nikahamishiwa ghala la mablanketi, nyanda za baridi, mbali na pori na mbali na wanafunzi.

Kabla sijaondoka nilimsindikiza Yohana stesheni ya Kilosa. Alikuwa kavaa shati la kiraia lililomkaa vibaya, ametazama chini. Baba yake alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba mtoto wake anakuwa afisa, na watu wa kijiji walikuwa wamejiandaa kushuka kuja kuona gwaride. Nilimwahidi kwamba nitafika Kidete kumweleza mzee ukweli, na nilifika. Mwalimu alinisikiliza kwa heshima zote, akanikaribisha chakula, kisha akasema kwamba anashukuru kwa wema wangu, ila serikali haiwezi kumfukuza mtu bure. Aliiamini nchi hii kama alivyoamini Injili. Alikufa miaka michache baadaye akiamini hivyo, na Yohana alimzika.

Ya ghalani sitayaeleza kwa kirefu. Nilihudumu chini ya Meja aliyependa mablanketi yakunjwe pembe kwa pembe, kisha chini ya Kapteni aliyependa yakunjwe kwa kuviringishwa, na kila mmoja alimwona mwenzake mpumbavu. Vita vilipokuja nilirudishwa kwenye fani yangu kwa kuwa watu wa porini walihitajika ghafla. Nilirudi salama. Nikastaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani, nikajenga hapa Kilosa na kuanza kugombana na magazeti.

Lakini hadithi ile haikustaafu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii ilipata lami. Ilisemwa kwenye mahafali yetu na ya kwao, kwenye hotuba za mabalozi, kwenye mafunzo ya vijana. Nimekutana na luteni usu, mtoto mdogo kabisa, akanisimulia mimi, kwa macho yanayong'aa, kisa cha afisa mwanafunzi mgeni aliyetaka kubeba kosa la rafiki yake mzembe. Nilimwuliza huyo mzembe alikuwa nani. Hakujua. Alisema hadithi haisemi.

Juzi hapa vyuo viwili viliadhimisha urafiki wao katika hoteli moja ya Mikumi, na mimi nikaalikwa kama mkongwe. Nilitumiwa gari. Niliwaomba wamwalike na Yohana Mwegoha. Ofisa aliyeshughulikia mialiko, binti mwenye adabu, alinijibu kwamba wakubwa wameona mambo ya zamani yasifukuliwe siku ya furaha. Nikaenda hivyo hivyo, kwa sababu nilisikia mgeni wa heshima ni Chanda.

Amekuwa jenerali mstaafu sasa, mnene, nywele nyeupe. Aliponiona aliacha watu akanijia, akanipa shikamoo kwa Kiswahili kile kile kilichopinda. Niliitikia marahaba, na moyo ukalainika. Nikasema, huyu leo atasema. Mtu aliyesimama ndani ya hema lile akiwa hana cheo hawezi kushindwa leo akiwa navyo vyote.

Akapanda jukwaani. Alizungumza vizuri, vijana wa vyuo vyote viwili wakiwa wamejaa ukumbini. Kisha akasema, "Nilikuwa na rafiki mmoja hapa, alipoteza bunduki, na mimi nilikuwa tayari kulibeba kosa lake. Hivyo ndivyo tulivyopendana." Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Nilisimama. Sikuwa na kipaza sauti, lakini sajinimeja hakihitaji. Nilisema, "Jenerali, uliichukua wewe. Nilikuona." Mshereheshaji akacheka kana kwamba mzee ametania, bendi ikaanza kupiga, na yule binti akanishika mkono taratibu akanitoa nje.

Chanda alinifuata barazani. Hakukana. Alisema kwamba aliusema ukweli ule hemani, akausema tena kwao aliporudi, akausema kwa mke wake, na kila mahali watu walimpiga begani wakamwita mnyenyekevu. Alisema mtu akisifiwa sana kwa jambo ambalo hakulifanya, mwisho huchoka kukataa.

Nilimwambia kwamba Yohana yuko Kidete, yu hai, na gari la jenerali linaweza kufika huko. Alitazama saa. Alisema msafara unaondoka asubuhi kwenda Dodoma, ratiba ni ya serikali, wala si yake. Aliniomba nimfikishie salamu.

Nimezifikisha. Nilimkuta Yohana bondeni kando ya mto Mkondoa, anamwagilia vitunguu vyake, suruali kaikunja mpaka magotini. Alinipa shikamoo na kuniita afande kama zamani, akanitafutia kivuli. Nilimweleza sherehe yote, hotuba, makofi, na jinsi nilivyotolewa nje. Alinisikiliza bila kunikatiza, uso mtulivu kuliko wangu. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Alinitaja jina?"

Nikamwambia hapana. Alisema rafiki mmoja.

Yohana aliitikia kwa kichwa, akashika jembe akaenda kuziba mfereji, maana maji yalikuwa yanamwagika njiani. Nilirudi Kilosa na treni, na siku iliyofuata nikaanza kuandika haya.

Ninyi vijana wa vyuo viwili, hadithi hiyo mtasimuliwa tena, maana imeshakuwa sehemu ya mafunzo. Mkisimuliwa, jueni kwamba yule rafiki mmoja ana jina. Ni Afisa Mwanafunzi Yohana Mwegoha, wa Kidete. Hakupoteza bunduki. Aliikabidhi kwa mwenzake wa lindo, kama nilivyomfundisha, akaenda kuwanawisha wageni.